Saratani ya puru: kwa nini mionzi na kemo vitangulie upasuaji?

Kifungua Mimba wa Umoja

Habari zenu nyote. Ninaandika kuhusu baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye kwa miezi minane alikuwa akitokwa na damu kila aendapo haja kubwa, nasi tukiamini kwamba ni bawasiri kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa kwenye duka la dawa, na ile dawa ya kupaka ilimtuliza kwa siku chache kila alipoitumia. Mwezi uliopita alifanyiwa uchunguzi wa kamera, kipande cha nyama kikapelekwa maabara, na majibu yakasema ni saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Uvimbe uko sentimita 6 kutoka kwenye tundu la haja kubwa.

Daktari wa upasuaji katika hospitali ya kwanza alitueleza kuwa kitanda kingepatikana wiki iliyofuata, akatutaka tujiandae. Tukaanza mchango, na baba zangu wadogo wakasafiri kutoka Vihiga ili wawepo siku hiyo. Kabla haijafika, jirani mmoja alitushauri tutafute maoni ya daktari wa pili, na daktari huyo, ambaye ni wa saratani, akaagiza picha ya MRI ya nyonga. Alipoisoma alisema upasuaji usifanywe sasa, kwa kuwa uvimbe umepenya ukuta wa puru na kuingia kwenye mafuta yanayoizunguka, na tezi mbili za limfu zilizo karibu zimevimba, ingawa picha ya CT ya kifua na tumbo haikuonyesha chochote kwenye ini wala mapafu. Anapendekeza mionzi mara 28 pamoja na vidonge vya kemo, kisha kemo ya dripu kwa miezi kadhaa, na ndipo upasuaji ufuate. Nikihesabu, ninaona mzee hataingia chumba cha upasuaji kabla ya miezi 6 au 7 kupita.

Baba mdogo hakubali. Anasema mwizi akiingia nyumbani hutolewa kwanza, hangojewi, nami nimeshindwa kumjibu. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze: kwa nini tusikate kwanza, halafu mionzi ikafuata? Na je, katika miezi yote hiyo saratani haitapata nafasi ya kuenea?

Muuguzi wa Kahawa Wendani

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mzee salamu zetu. Mimi ni muuguzi na nimehudumu katika kitengo cha mionzi hapa Nairobi kwa miaka 11. Swali la baba yako mdogo nimelisikia kutoka kwa familia nyingi mno, na si swali la ujinga hata kidogo. Linatoka kwa mtu anayempenda ndugu yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni mahali penyewe. Sehemu kubwa ya utumbo mpana iko tumboni, ambamo mpasuaji ana nafasi ya kukata kwa upana na kuacha nyama safi kila upande, lakini puru imebanwa ndani ya mfupa wa nyonga. Mbele yake, kwa mwanamume, kuna kibofu na tezi dume, nyuma kuna mfupa wa mwisho wa mgongo, na pembeni inapita mishipa ya fahamu inayotawala mkojo na nguvu za kiume. Mpasuaji anafanya kazi kama mtu aliyeingiza mikono ndani ya chungu chenye mdomo mwembamba. Uvimbe ukiwa umefika kwenye mafuta, kama wa mzee, upo uwezekano wa chembechembe kubaki kwenye ukingo wa kidonda, na saratani inayorudi ndani ya nyonga huwa na maumivu makali na ni ngumu mno kuiondoa kwa mara ya pili. Mionzi inayotangulia hunuia kuziua chembechembe za pembezoni na kuupunguza uvimbe, ili kisu kikija kipite mahali safi.

Sasa, kwa nini isiwe baada? Kabla ya upasuaji, damu bado inafika vizuri kwenye uvimbe, na mionzi huua vyema zaidi palipo na oksijeni ya kutosha. Baada ya upasuaji panakuwa na makovu, na damu hupungua. Kisha kuna utumbo mwembamba. Puru ikiondolewa, pengo hubaki kwenye nyonga, na utumbo mwembamba huteremka ukalijaza na mara nyingi ukanata humo. Mionzi ikielekezwa hapo, inauchoma utumbo usio na kosa lolote. Zaidi ya hayo, ile sehemu mpya iliyounganishwa na mshono nayo ingechomwa, ilhali mionzi ikitangulia, nyama iliyochomwa ndiyo inayokatwa na kutolewa, na utumbo unaoletwa chini kuunganishwa huwa haujaguswa.

Haya yalipimwa. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2004 uliwagawa wagonjwa wenye ugonjwa wa kiwango kama cha mzee, wengine wakapewa mionzi na kemo kabla ya upasuaji, wengine baada. Baada ya miaka 5, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 6 ya waliotanguliza, na kwa asilimia 13 ya waliochelewesha, na madhara makali ya tiba yalikuwa machache kwa kundi la kwanza. Ninataka niwe mkweli kwako: idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka hiyo 5 ilikaribiana sana, asilimia 76 na 74. Faida iliyoonekana ni kuulinda mwili dhidi ya ugonjwa kurudi palepale, na kuyapunguza mateso ya matibabu.

Kuhusu kungoja, mwambie baba mdogo kwamba mzee hangoji. Siku ya kwanza ya mionzi ndiyo siku ya kwanza ya kumtoa mwizi. Mgonjwa hupokea grei 1.8 kwa siku (grei ni kipimo cha wingi wa mionzi), Jumatatu hadi Ijumaa, hadi zitimie grei 50.4 katika muda wa wiki tano na nusu, na siku hizohizo humeza vidonge vya kemo viitwavyo kapesitabini asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa kuwa dawa hiyo huzifanya chembechembe za saratani zishindwe kujikarabati zikishapigwa na mionzi.

Mkaazi wa Pipeline

Ninaomba kuongeza ushuhuda wangu, kwa sababu mimi nilipita njia ile nyingine. Mwaka 2016 nilipasuliwa kwanza. Hakuna aliyeniambia habari za MRI. Nililazwa Jumatatu, nikapasuliwa Jumatano, na familia yangu ilimshukuru Mungu kwamba mambo yameenda haraka. Majibu ya maabara yalipotoka wiki tatu baadaye, yalisema tezi 4 zilikuwa na ugonjwa na kwamba ukingo mmoja ulikuwa karibu mno na uvimbe, basi nikatumwa kwa mionzi nikiwa na mfuko wa choo tumboni na kidonda ambacho hakijapona sawasawa.

Wiki ya tatu ya mionzi nilianza kuharisha kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Mfuko ulijaa kila baada ya nusu saa, na ngozi inayouzunguka ikachubuka hadi gamu yake ikakataa kushika. Nilibeba taulo kwenye matatu nikalikunja juu ya mapaja, nikikaa kiti cha dirishani ili mtu asinikaribie. Mionzi ilisimamishwa siku 10, na kemo iliyopaswa kufuata sikuimaliza. Nilipata duru 3 kati ya 6 tu, mwili ukakataa. Leo ni mzima na ninafanya kazi zangu, lakini utumbo wangu haujarudi ulivyokuwa, na safari yoyote ndefu ninaipanga kwa kuangalia vyoo vilipo. Siwalaumu walionipasua kwa nia yao. Ninalalamikia kwamba hakuna aliyewaketisha pamoja mpasuaji, daktari wa mionzi na msomaji wa picha kabla kisu hakijashikwa. Ninyi mmepata nafasi hiyo, na kwa kweli jirani yenu huyo mmshukuru.

Mwanagenzi wa Upasuaji

Mimi ni daktari niliye kwenye mafunzo ya upasuaji. Muuguzi ameeleza vizuri sana, na ningependa kugusa mambo ambayo mpangilio mzima hutegemea, kwa sababu si kila saratani ya puru hutanguliziwa mionzi, nisingependa msomaji mwingine aondoke na wazo hilo.

Uvimbe ambao haujapita misuli ya ukuta wa puru, na ambao tezi zake ni safi, hupasuliwa moja kwa moja bila mionzi. Uvimbe ulio juu kabisa, sentimita 12 na zaidi, mara nyingi hushughulikiwa kama saratani ya utumbo mpana, yaani upasuaji kwanza na kemo baadaye ikihitajika. Na mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba, hatoi choo wala upepo na tumbo limejaa, hawezi kuanza wiki za mionzi akiwa hivyo. Hutengenezewa kwanza tundu la kupitishia choo tumboni, kisha matibabu mengine yaendelee. Ndiyo maana MRI ya nyonga ni lazima. Bila picha hiyo, daktari anayesema tukate na anayesema tungoje wote wawili wanabahatisha.

Upasuaji wenyewe pia una uzito wake. Mwingereza Bill Heald, aliyefanya kazi Basingstoke, alionyesha tangu mwaka 1982 kwamba puru ikitolewa pamoja na mfuko wote wa mafuta unaoizunguka, ukiwa mzima bila kuraruliwa, ugonjwa hurudi mara chache mno. Swali likaja: je, mpasuaji akiwa hodari hivyo, mionzi bado ina kazi? Waholanzi walijibu mwaka 2001. Walitumia mionzi ya muda mfupi, grei 5 kwa siku kwa siku 5, wakifuatisha upasuaji wa namna hiyo ya Heald, na baada ya miaka 2 saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 2.4, dhidi ya asilimia 8.2 kwa waliopasuliwa pekee.

Kuhusu wiki za mapumziko kati ya mionzi na upasuaji, zina sababu. Chembechembe iliyopigwa na mionzi haifi papo hapo. Hufa inapojaribu kujigawa, na kwa hiyo uvimbe huendelea kunywea wiki nyingi baada ya mashine kuzimwa. Utafiti wa Lyon wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kungoja wiki 6 hadi 8 kuliufanya uvimbe unywee zaidi kuliko kungoja wiki 2. Lakini kungoja nako kuna mpaka. Wafaransa walipolinganisha wiki 7 na wiki 11, hawakuona nyongeza ya maana ya wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka kabisa, bali waliona matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji, kwa kuwa nyama ya nyonga iliyochomwa huzidi kuwa ngumu na kunata kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo ninyi muulize tarehe ya upasuaji mapema na muiandike, wala msikubali iahirishwe mara kwa mara kwa kukosa kitanda.

Mpango aliopewa mzee, wa kumaliza kemo yote kabla ya upasuaji, ulitokana na tatizo lilelile alilolipata ndugu yetu wa Pipeline. Wagonjwa wengi waliopangiwa kemo baada ya upasuaji hawakuimaliza, ama kwa udhaifu, ama kwa mshono kuvuja, na ilhali ile kemo ndiyo inayowinda chembechembe zilizokwisha kusafiri kuelekea ini na mapafu. Ikitangulizwa, mwili ungali na nguvu. Katika utafiti wa RAPIDO uliochapishwa mwaka 2021, waliopewa mionzi ya siku 5, kisha kemo kwa wiki 18, kisha upasuaji, asilimia 28 kati ya waliopasuliwa hawakukutwa na chembechembe hai hata moja kwenye nyama iliyotolewa, dhidi ya asilimia 14 kwa njia ya zamani, yaani mionzi mirefu ya wiki tano au zaidi pamoja na vidonge vya kemo, kisha upasuaji. Swali lako la saratani kuenea lilijibiwa humo pia, kwa kuwa ugonjwa wa mbali ulipungua. Kwa upande mwingine, ufuatiliaji wa miaka 5 ulionyesha kuwa kurudi kwa ugonjwa nyongani kulikuwa juu kidogo kwa kundi hilo jipya, takribani asilimia 10 dhidi ya 6, na ndiyo sababu madaktari wengine, uvimbe ukiwa chini kama wa mzee, bado hupendelea mionzi mirefu. Mimi nami ningeegemea huko.

Muulizeni pia daktari kama ile nyama ya maabara ilipimwa kasoro ya urekebishaji wa jeni, yaani chembechembe kushindwa kurekebisha makosa kwenye jeni zake. Ni wachache walio nayo, lakini kwa hao matibabu hubadilika kabisa: mwaka 2022, New York, wagonjwa 12 wa kwanza wenye kasoro hiyo walipewa dawa ya kuiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, iitwayo dostarlimab, na uvimbe wa wote ukatoweka bila mionzi wala kisu.

Kifungua Mimba wa Umoja

Ninawashukuru kutoka moyoni. Nimemsomea baba mdogo majibu yote kwa sauti, mzee mwenyewe akisikiliza, na lililomnyamazisha baba mdogo ni habari ya utumbo mwembamba kuteremka. Aliuliza mara mbili, kisha akasema basi mzee aanze.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Tunaishi Umoja na mashine tuliyopangiwa iko Thika Road, kwa hiyo safari 28 za kwenda na kurudi ni mzigo, na nimeona mmetaja mionzi ya siku 5. La pili, mzee anauliza kama uvimbe ukitoweka wote kwa mionzi na kemo, atalazimika kupasuliwa?

Mwanagenzi wa Upasuaji

La mionzi mifupi liulizeni waziwazi mbele ya daktari wa mionzi, wala msione haya kutaja nauli. Kwa familia inayotoka mbali na kulazimika kukodi chumba jijini, siku 5 badala ya wiki tano na nusu ni tofauti ya kumaliza au kutomaliza, na mionzi mirefu iliyokatizwa katikati haina thamani ya ile iliyopangwa. Kwenu ninyi mlio ndani ya jiji, na kwa uvimbe wa sentimita 6, ningejikaza kwa ile mirefu, lakini jopo la madaktari ndilo linaloona picha, si mimi.

La pili, mzee ameuliza swali zito. Wabrazili wa São Paulo, wakiongozwa na Angelita Habr-Gama, ndio walioanza kuwaacha bila kuwapasua wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka kabisa, na matokeo yao ya mwaka 2004 yaliwashangaza wengi. Utafiti wa Marekani uitwao OPRA, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba waliopewa mionzi kwanza na kemo ikafuata, asilimia 53 walikuwa bado na puru yao baada ya miaka 3, na kemo ikitangulia ilikuwa asilimia 41. Mpangilio mliopewa ni ule wa kwanza. Lakini anayeachwa bila kupasuliwa hupaswa kurudi kila baada ya miezi 3 au 4 kwa miaka 2 ya mwanzo, apimwe kwa kidole na kwa kamera, na MRI irudiwe, kwa sababu uvimbe ukiota tena huota hasa ndani ya kipindi hicho, na ukionekana mapema bado hukatwa vizuri. Familia isiyoweza kumudu ratiba hiyo ni heri ichague upasuaji.

Muuguzi wa Kahawa Wendani

Nina machache ya kumsaidia mzee kila siku. Atachorwa nukta ndogo kwenye ngozi, kama tone la wino wa kalamu, moja mbele na mbili ubavuni, ambazo hutumika kumlaza sawasawa kila siku, asizisugue. Ataambiwa aje kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi. Maji ya kukijaza msimnyweshe akiwa bado nyumbani Umoja. Nimewaona wazee wakifika hapa wakitetemeka, msongamano ukiwa umewashika Roysambu, wengine wameshindwa kujizuia wakajilowesha kwa aibu kubwa. Abebe chupa ya nusu lita, aimalize akishaketi kwenye benchi letu, kisha angoje muda atakaoambiwa.

Kemo ya dripu ikianza, kama ni oksaliplatini, baridi itamchoma. Asinywe maji ya friji, na asubuhi za Julai asishike komeo la chuma la geti bila glavu, kwa maana vidole vitasisimka kama vimeguswa na umeme. Ganzi ikibaki vidoleni hadi siku ya duru inayofuata, asiifiche ili kumaliza haraka. Daktari hupunguza kipimo. Na homa ikifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, aletwe hospitalini bila kungoja asubuhi.

Mke wa Mgonjwa, Kangemi

Nami niongeze hili tu, dada zangu na kaka zangu. Mume wangu alipokuwa mara ya 15, mashine iliharibika kwa siku 9 katika hospitali tuliyokuwa, na hakuna aliyetuita. Nilikaa nyumbani nikidhani wanajua wanachofanya. Niliporudi kuuliza, daktari alishtuka, akapanga vipindi 2 kwa siku kwa wiki iliyofuata, vikiachana saa 6, ili kufidia. Wekeni daftari, mwandike kila kipindi na tarehe yake, na siku moja ikikosekana mpige simu siku hiyohiyo mkiuliza itafidiwa vipi na kama kuna mashine nyingine mnayoweza kuhamishiwa.

Kifungua Mimba wa Umoja

Daftari nimenunua leo. Mzee atachorwa nukta Jumanne, na mionzi inaanza Jumatatu inayofuata. Kipimo cha jeni daktari amesema nyama iliyobaki maabara inatosha, na ombi limeshatumwa.